Malalamiko ya Msomaji wa Mbali

Gazeti ni kitu cha bei ndogo kinachotarajiwa mambo makubwa. Mtu hutoa fedha kidogo akanunua karatasi, na kwa fedha hiyo hudai kuonyeshwa dunia yote. Lakini aghalabu, kabla ya kuitazama dunia, hutafuta kwanza mahali pake mwenyewe. Mkulima hutafuta bei ya zao lake, mwalimu hutafuta habari za shule, na mpenzi wa michezo hutafuta timu yake. Akiikuta, husoma gazeti zima kwa moyo mweupe. Asipoikuta, hulikunja na kusema kuwa leo halina kitu, ijapokuwa kurasa zake zimejaa. Hukumu hiyo si ya haki sana, lakini ni ya kibinadamu, wala haiko mahali pamoja tu. Katika miji ya Marekani yenye vyuo vikuu, wapenzi wa timu za vyuo hugombana na gazeti la mji wao msimu hata msimu: leo huliona lina ubaridi, kesho huliona lina chuki, keshokutwa hudai limewasifu wageni kupita kiasi. Ugomvi huo una raha yake, maana watu wale wanalo gazeti la kugombana nalo. Msomaji wa Mbulu na Hanang hana hata hilo. Gazeti analolisoma huchapwa Dar es Salaam, na lalamiko lake hufanana na sauti ya mtu amwitaye mwenziwe ng'ambo ya bonde pana: huita, kisha hungoja, asijue kama amesikiwa.

Wilaya hizo mbili zilikuwa hapo zamani chini ya jina moja la Mbulu. Sasa zimo katika Mkoa wa Manyara, ambao ulimegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Ni nchi ya juu, penye baridi na upepo, karibu na ukingo wa Bonde la Ufa. Na upande wa Hanang umesimama mlima wenye jina hilo, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Wairaqw, Wabarbaig na jirani zao wamezoea kupanda na kushuka tangu utoto, na hewa wanayoivuta ni nyepesi. Basi si ajabu kwamba timu yao kubwa, ile waliyoitoa kwa taifa na kwa dunia, si timu ya watu kumi na mmoja. Ni timu ya mtu mmoja mmoja, avaaye namba kifuani na kukimbia peke yake mpaka mwisho wa njia.

Timu hiyo, kama ingeandikwa katika orodha moja, ingetisha popote. Yumo John Stephen Akhwari, aliyezaliwa Mbulu mwaka 1938. Yumo Filbert Bayi, aliyezaliwa mwaka 1953 huko Karatu, wakati Karatu ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Naye tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia kwa kuongoza tangu mwanzo hata mwisho. Mwaka uliofuata aliivunja rekodi ya maili moja huko Kingston, Jamaika. Na mwaka 1980 alileta medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow. Yumo Gidamis Shahanga wa Hanang, aliyeshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, kisha akashinda mita 10,000 katika michezo iyo hiyo huko Brisbane mwaka 1982. Na katika kizazi cha sasa yumo Gabriel Geay wa Mbulu, ambaye Disemba 2022 alimaliza marathoni ya Valencia, Hispania, kwa saa 2 na dakika 3 kamili, akawa wa pili.

Mtu wa mbali akisoma orodha hiyo atadhani kuwa watu wa wilaya hizo wameshiba sifa, na kwamba magazeti ya nchi hayana kazi nyingine ila kupanda milima kuwafuata. Hapo ndipo lalamiko linapoanza.

Wala si kwamba watu hawa hawaupendi mpira wa miguu. Yanga iliasisiwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote mbili Dar es Salaam. Lakini hakuna kijiji kuanzia Haydom hata Katesh kisichokuwa na wafuasi wa klabu hizo, na siku zinapokutana kazi nyingi husimama. Mlalamikaji mwenyewe ni mmoja wao. Alfajiri ya siku inayofuata huanza na ukurasa wa mpira, huumaliza, huurudia, na baadaye ndipo akumbukapo kuwa gazeti halikusema neno juu ya mkimbiaji wa kwao. Kwa hiyo yeye ni mshitaki, na papo hapo ni shahidi wa mshitakiwa. Mwenye gazeti akiulizwa kwa nini amejaza mpira, atamwonyesha msomaji wake kidole tu.

Mashitaka yenyewe, yakikusanywa, ni manne. La kwanza ni ukimya: jambo hutendeka wala haliandikwi. La pili ni uchache: jambo huandikwa kwa mistari michache chini ya ukurasa, pasipo kusema mtu huyo ametoka kijiji gani, amefundishwa na nani, wala amepitia njia gani. La tatu ni kuharibiwa kwa majina. Lugha ya Kiiraqw ina sauti ambazo Kiswahili hakina, na majina ya watu na mahali hubeba sauti hizo. Mji wa Mbulu wenyewe huitwa Imboru na wenyeji wake. Jina likipita katika mikono ya mwandishi, mhariri na mchapaji ambao hawajalisikia likitamkwa, hutoka limevunjika, na mara nyingine mtu mmoja huonekana kuwa watu wawili. La nne ni kumtazama mgeni na kumsahau mwenyeji. Katika msimu wa 2024/25 klabu ya Fountain Gate iliufanya uwanja wa Tanzanite Kwaraa, mjini Babati, kuwa nyumbani kwake, na watu wa Hanang na Mbulu wakapata kuiona ligi kuu karibu yao. Februari 2025 Simba ilifika hapo, na mchezo ukaisha kwa sare ya 1-1. Kwa mtu wa Manyara hiyo ilikuwa habari ya pointi moja iliyopatikana; kwa mtu wa Dar es Salaam ilikuwa habari ya pointi mbili zilizopotea. Mchezo ulikuwa mmoja, lakini habari zilikuwa mbili, na yenye wasomaji wengi ndiyo inayopata herufi kubwa.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha mizani hiyo. Jumapili tarehe 16 Aprili 2023 Simba iliifunga Yanga mabao 2-0. Kesho yake, Jumatatu tarehe 17, ilikimbiwa marathoni ya Boston, ambayo ni kongwe kuliko marathoni zote za kila mwaka duniani. Ilipokuwa jioni katika Tanzania, Gabriel Geay alifika mwisho wa njia akiwa wa pili, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 4, sekunde 10 tu nyuma ya Evans Chebet wa Kenya. Nyuma yake, katika nafasi ya 6, alikuwako Eliud Kipchoge, aliyekuwa akishika rekodi ya dunia wakati huo. Siku hizo mbili zilifuatana kana kwamba zimepangwa kwa ajili ya kulijaribu gazeti. Mpenzi wa mbio wa Mbulu hakudai ushindi wa Simba ufichwe. Alitaka kujua tu kama mtu aliyemwacha Kipchoge nyuma angepewa nafasi ya kusimama kando ya mabao mawili.

Lakini haki haikai upande mmoja, na mshitakiwa naye ana maneno yake. Gazeti si sadaka. Ni biashara, nalo huishi kwa wanunuzi. Wengi wa wanunuzi hao wako katika miji mikubwa, na wanachokinunua kinajulikana. Mwandishi wa mkoani aghalabu hulipwa kwa habari iliyochapwa, si kwa habari aliyoituma, na safari ya kutoka Babati kupanda Mbulu hutoka mfukoni mwake. Akienda akarudi, kisha habari yake ikatupwa, amepata hasara mbili. Zaidi ya hayo, mbio kubwa hukimbiwa ng'ambo. Gazeti halimtumi mtu Boston wala Valencia. Hutegemea mashirika ya habari ya nje, na mashirika hayo huandika kwa ajili ya dunia yote. Siku ile ya Boston habari zao kubwa zilikuwa mbili, kushinda kwa Chebet na kushindwa kwa Kipchoge. Mtu wa pili alikaa katikati ya mshindi na mashuhuri aliyeshindwa, mahali ambapo macho hupita bila kutua. Haikuwa chuki ya mtu yeyote. Ilikuwa desturi tu, na desturi huumiza kuliko chuki, maana haina wa kulaumiwa.

Tena yafaa kukubali kuwa gazeti likipata jambo kubwa mno haliwezi kunyamaza. Septemba 2025 Alphonce Simbu, mtu wa Singida, mkoa unaopakana na Hanang, alipata medali ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia ya Tokyo, na jina lake lilijaa nchi nzima. Msomaji wa Hanang alifurahi pamoja na jirani yake. Hata hivyo aliona kuwa mlango uliofunguliwa kwa dhahabu ya dunia peke yake ni mlango mwembamba. Mti hauonekani siku ya matunda tu. Kuna miaka ya kuchipua, na hiyo nayo ni habari.

Wako wanaosema kuwa gazeti haliwezi kufanya lolote ila kufuata penzi la watu. Historia haikubaliani nao. Mwaka 1903 gazeti la Ufaransa lililoitwa L'Auto, likitafuta wanunuzi, lilianzisha mbio za baiskeli za kuizunguka nchi, Tour de France. Watu hawakuwa wakiudai mchezo huo kabla haujakuwapo. Waliupenda baada ya kusimuliwa, siku baada ya siku, mji baada ya mji. Gazeti liliuza karatasi, na nchi ikapata sherehe ambayo mpaka sasa ni yake. Basi penzi la wasomaji ni shamba na gazeti ni mkulima. Apandaye zao moja miaka yote asiseme kuwa ardhi haioti jingine.

Kuna jambo jingine, zito kuliko hayo, nalo ni namna ambayo mahali pa mbali hujulikana kwa jeraha lake kuliko kwa afya yake. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, Akhwari alianguka njiani akaumia vibaya goti. Hakutoka. Alifungwa bendeji, akaendelea akichechemea, na akaingia uwanjani usiku, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Watu 75 walianza mbio hizo na 57 wakamaliza, naye akawa wa mwisho wao. Jibu lake alipoulizwa kwa nini hakuacha limeenea ulimwenguni: kwamba nchi yake haikumtuma mwendo wote ule aanze mbio, bali amalize. Mtengeneza filamu wa Marekani, Bud Greenspan, aliieneza habari hiyo hata ikawa funzo kwa vijana wa mataifa ambao hawawezi kuionyesha Mbulu katika ramani.

Hapana haja ya kuupunguza utukufu huo. Lakini mtu huyo huyo, chini ya miaka 2 baadaye, alikwenda Edinburgh katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 akakimbia marathoni na kuwa wa 5. Goti lilikuwa limepona na mtu alikuwa mkimbiaji hodari kama alivyokuwa kabla ya kuanguka. Ni nani aijuaye habari hiyo? Dunia ilimpokea Akhwari akiwa na bendeji, ikamwacha hapo. Na iliyompokea haikuwa karatasi ya nyumbani, ilikuwa filamu ya wageni. Walio nyumbani, ambao wangeweza kuandika maisha yake yote, walikuja kuitafsiri sehemu ile moja ambayo wageni walikuwa wameipenda.

Jambo lile lile liliipata Hanang kwa namna ya huzuni kubwa. Tarehe 3 Disemba 2023, baada ya mvua nyingi, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Waandishi walifika wakaandika, na walifanya vyema. Misaada ilifuata maneno yao, na hakuna mwenye akili awezaye kulalamika kwa hilo. Lakini baada ya mazishi na machozi, msomaji wa Katesh alibaki na wazo moja lililokaa kimya moyoni mwake: kumbe njia inapitika. Wilaya isiyoandikwa ila siku ya msiba hujulikana kwa msiba tu. Mtoto wake akienda mji mwingine akataja kwao, huulizwa habari za tope. Haulizwi habari za Shahanga.

Hapo hubainika kuwa lalamiko la msomaji huyu si kiu ya sifa. Sifa anazo kwa mdomo, na mdomo wake haujachoka. Siku hizi matokeo ya mbio humfikia kwa simu kabla mkimbiaji hajapumzika, hata gazeti halina jipya la kumwambia. Anachokitaka kwa gazeti ni ushahidi. Maneno ya simu hupita kama moshi, na maneno ya wazee hubadilika kila yanaposimuliwa. Wazee wawili wakibishana katika duka la kijiji juu ya muda aliokimbia mtu fulani miaka 40 iliyopita, hapana karatasi ya kuwaamua, na mwishowe hushinda mwenye sauti kubwa. Karatasi iliyochapwa hukaa. Huwekwa katika maktaba, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikangoja miaka mingi mpaka mwanafunzi mmoja aje kuifungua. Mwanafunzi huyo akitaka kuandika historia ya michezo ya nyanda za Manyara, atapata kilichochapwa, na kisichochapwa atakihesabu kuwa hakikutokea. Waswahili walikwisha sema: asiyekuwapo na lake halipo.

Na madhara hayaishii maktabani. Klabu ya mpira huishi kwa viingilio vya mlangoni na kwa ada za wanachama. Mkimbiaji hana mlango wa kulipiwa. Njia anayokimbilia ni ya watu wote na ya ng'ombe pia. Viatu vyake, chakula chake na nauli yake hutoka kwa mtu aliyesikia habari zake. Mstari mmoja uliopunguzwa katika gazeti unaweza kuwa jozi ya viatu iliyopunguzwa katika mguu wa msichana wa Dongobesh ambaye ametoka katika michezo ya shule za sekondari akiwa wa kwanza, kisha akarudi nyumbani kimya kama alivyokwenda. Husemwa kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwaje ikiwa walio kwao hawakupata kujua kuwa alicheza?

Lililobaki ni kuuliza dawa, na dawa ya maana haiko mkononi mwa mhariri peke yake. Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, halikuwa na waandishi wa mshahara katika kila wilaya. Habari za miji na vijiji zililetwa na wasomaji wenyewe, makarani na walimu, walioketi jioni wakaandika yaliyotokea kwao, wakatia bahasha. Katika miaka ya 1950 Wachaga wa Moshi walikuwa na gazeti lao la Komkya. Watu hao hawakuwa na njia nzuri kuliko za leo, wala simu, wala umeme wa kutosha. Walikuwa na imani kwamba jambo la kwao linastahili kuandikwa, na kwamba wa kwanza kulistahilisha ni wao.

Mlalamikaji wa Mbulu anayo haki yake, lakini haki hiyo ina deni ndani yake. Walimu wa shule za Katesh na Haydom wanajua majina yanavyotamkwa na yanavyoandikwa. Wapo wanafunzi wa vyuo waliotoka huko, wenye kalamu na elimu. Wapo wazee waliokimbia na Bayi, au waliomwona Shahanga akiwa kijana. Daftari moja katika kila shule, lenye jina la mkimbiaji, kijiji chake, mbio alizokimbia, muda na tarehe, lingekuwa gazeti ambalo hakuna mhariri wa kulikata. Barua moja yenye mambo hayo matano, ikiwa safi na ya kweli, ni vigumu kutupwa mara kumi. Na ikitupwa mara ya kumi, nakala yake imebaki.

Gazeti nalo lisidhani kuwa limesamehewa. Linaombwa kidogo: jina liandikwe kwa usahihi, kijiji kitajwe, muda usikosewe, na mtu asingojwe mpaka aanguke ndipo apigwe picha. Hayo hayaondoi ukurasa wowote wa Simba wala wa Yanga. Yanahitaji mistari mitano, pengine mara moja kwa juma. Na msomaji wa mbali, akiiona mistari hiyo, atalikunjua gazeti upya na kulisoma lote.